Herufi Alizozigeuza Ko Zeya

Ko Zeya Lwin ni mtu wa kawaida kiasi kwamba nikijaribu kumweleza kwa asiyemjua naishia kutaja vitu vinavyomzunguka: miwani iliyogandishwa kwa gundi kwenye mkono mmoja, kikoi cha longyi cha bluu kilichopauka, kikombe cha chai kinachosahauliwa kando ya kompyuta mpaka maziwa yakafanya utando. Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa, katikati ya mji wa Mawlamyine, na tuko watatu: yeye mwenye ofisi, Ma Yamone, anayepanga sura za kurasa na kuzijaribu, na mimi, mwenye shahada ya zoolojia isiyonisaidia kumtambua ndege hata mmoja, niliyeajiriwa kuandika maelezo ya matumizi kwa lugha ambayo mwenye nyumba ya wageni anaweza kuifuata.

Mke wa Ko Zeya, Mi Chan Htaw, ni wa kabila la Wamon, wa kijiji cha Kamawet. Ko Zeya mwenyewe ni Mburma. Ndoa za namna hiyo zimejaa kila mtaa wa mji wetu na hakuna anayezigeukia. Nyumbani walizungumza Kiburma, kwa sababu mke alikijua vizuri na mume hakujua kingine. Kimon kilisikika pale Mi Chan Htaw alipozungumza na baba yake kwa simu. Ko Zeya aliniambia wakati fulani kwamba sauti ya mkewe hushuka na kulainika akizungumza lugha ile, na kwamba yeye hupenda kuisikiliza akiwa chumba cha pili, kama mtu anavyosikiliza mvua. Sikuwaza lolote aliponiambia. Leo nadhani kuna mambo ambayo kuyapenda kwa mbali ni njia ya kutoyajua, ingawa sina hakika kama ni haki kumhukumu mtu kwa sentensi aliyoitamka akinywa chai.

Baba mkwe wake, Nai Tun Yin, alikuwa mwalimu mstaafu. Mke wa mzee huyo, Mi Thein Shin, alipougua ugonjwa uliomuua, mzee alikaa kando ya kitanda chake mwezi baada ya mwezi akiandika kila alichokisema: nyimbo za kubembelezea watoto, nyimbo za kupandikiza mpunga, hadithi za mashambani, na maneno ya kumuaga mtu wa nyumba ile anapofariki. Maneno hayo Mi Thein Shin aliyapokea kwa mama yake, naye kwa mama yake. Vijiji vya jirani vina maneno yao. Haya yalikuwa ya nyumba ile. Ko Zeya ndiye aliyemletea mzee kompyuta, akamfungulia tovuti na kumwonyesha namna ya kuandika moja kwa moja kwenye ukurasa. Mzee alishukuru sana. Karatasi alikuwa amezichukia tangu mikono yake ilipoanza kutetemeka, kwa kuwa kwenye karatasi mtetemo ulionekana na kwenye kioo haukuonekana.

Mi Thein Shin akafariki, kurasa zikabaki. Katika nyumba ya Ko Zeya tovuti ile haikuitwa tovuti. Mi Chan Htaw alikuwa akisema, "Asubuhi nilimfungua mama," na mumewe akaelewa.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo mengine hayatashikika.

Kwa miaka mingi nchi yetu iliandika kwenye simu na kompyuta kwa njia mbili zisizoelewana. Kulikuwa na njia ya zamani, iliyobuniwa hapahapa na kuenea kila mahali, na njia mpya, ile inayofuata jedwali linalotumika dunia nzima. Ukiandika kwa moja na mwenzako akasoma kwa nyingine, anaona kifusi: irabu zimening'inia peke yake, konsonanti zimepandana, viduara vitupu vimetapakaa. Ilipoamuliwa kwamba nchi nzima ihamie njia mpya, kila mwenye tovuti alibaki na miaka ya maandishi ya zamani ambayo yangegeuka kifusi. Ko Zeya akaona kazi ya kufanya. Akaamua kutengeneza programu-jalizi, yaani kipande cha programu kinachochomekwa kwenye tovuti na kuiongezea uwezo isiokuwa nao. Cha kwake kingepitia kurasa zote, kitambue yaliyoandikwa kizamani na kuyageuza kuwa mapya. Angekitoa bure, yeyote akichukue.

Kutambua ndiko kulikokuwa na ugumu. Lile jedwali la dunia ni kama ukumbi wenye viti vyenye namba, kila herufi na kiti chake. Baadhi ya viti vimetengwa kwa herufi ambazo Kiburma hakina lakini Kimon, Kikaren na Kishan vinazo. Waliobuni njia ya zamani walihitaji nafasi zaidi kwa maumbo ya ziada ya herufi zetu za Kiburma, wakavikuta viti hivyo havina mtu, kwa jinsi walivyoona wao, wakavikalia. Kwa hiyo njia rahisi ya kuyatambua maandishi ya kizamani ilikuwa kuangalia viti hivyo. Ukikuta mtu amekaa pale, basi ni Mburma aliyekaa kizamani, mwondoe umpeleke kwenye kiti chake halisi. Kila mtu katika kazi hii alifanya hivyo. Ko Zeya naye akafanya hivyo.

Katika majadiliano yetu ya awali Ma Yamone alipendekeza kwamba programu isiyaguse maandishi yenyewe. Iyaache ghalani kama yalivyo, igeuze tu kile ambacho msomaji anaonyeshwa. Ko Zeya alikataa kwa sababu ambayo hata leo naiona ya busara: simu za wateja wetu ni za bei ya chini, ukurasa ungechelewa kufunguka kila mara. Afadhali kugeuza mara moja, ndani kabisa kwenye hifadhidata, na kumaliza.

"Ukikosea ndani kabisa, umekosea kabisa," Ma Yamone akasema.

"Ndiyo maana nakulipa ujaribu."

"Unanilipa? Hebu nikumbushe lini."

Alijaribu kwa bidii, na Ko Zeya pia. Walitengeneza nakala ya tovuti ya duka la dawa, wakaichomekea programu, wakaigeuza na kuisoma mstari kwa mstari. Wakafanya vivyo hivyo kwa tovuti ya nyumba ya wageni na ya wadhamini wa pagoda. Kila mahali kosa lilipojitokeza, Ko Zeya alirudi kwenye msimbo wa programu, akarekebisha, wakaanza upya na nakala mpya. Nakala ya zamani ilifutwa, kwa kuwa seva yetu ilikuwa ndogo. Mimi niliandika maelezo na kuyafuta kila alipobadilisha kitufe.

Ilibaki tovuti moja kubwa yenye maandishi mengi, ya zamani na ya namna nyingi, ile ya mzee. Ko Zeya alimpigia mkewe kumwomba ruhusa. Mi Chan Htaw alikuwa hospitalini. Wiki ileile baba yake alikuwa ameanguka uani, na alipoinuliwa upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa na ulimi hautii. Aliposikia kwamba mumewe anataka kuijaribu programu kwenye nakala ya tovuti alisema sawa, akauliza kama nyumbani kuna mchele, akakata simu. Ko Zeya alikusudia baadaye kumpelekea kurasa zilizogeuzwa azisome. Alipomwona alivyokonda, analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha baba yake, aliona haya kumwongezea kazi.

Kwa hiyo alizitazama mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na Ma Yamone yuko pembeni akichambua mbegu za alizeti kwa meno. Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wa zamani upande mmoja na uliogeuzwa upande wa pili. Herufi za Kimon na za Kiburma ni ndugu. Sisi tulizichukua kwao zamani, kila mtoto wa shule anajua. Mburma akitazama ukurasa wa Kimon anaziona herufi anazozijua, zenye mviringo uleule, na hapa na pale moja au mbili za kigeni. Anaweza hata kujaribu kutamka. Asichoweza ni kuelewa. Ko Zeya alizipitisha kurasa taratibu. Hapakuwa na viduara vitupu wala irabu zilizoning'inia. Mabadiliko yalikuwepo, na mabadiliko ndiyo aliyoyatarajia.

Ma Yamone akauliza ni nani kati yetu anayesoma Kimon.

"Nimeoa huko," Ko Zeya akajibu. "Naishi nacho, nakula nacho, nalala nacho. Nitashindwa kukitambua?"

Ma Yamone akacheka hata ganda la mbegu likamkwama kooni. Nami nilicheka. Ilikuwa kauli nzuri, na sote tulikuwa tumechoka.

Mwanzoni mwa msimu wa mvua programu ikatoka. Ko Zeya aliipakia kwenye ghala la mtandaoni ambalo watu wote wa kazi hii huchukulia programu zao, akabonyeza kitufe, kisha akazichomekea tovuti zote tulizozitunza, moja baada ya nyingine, na ya mzee ikiwamo. Ma Yamone alileta sahani ya saladi ya majani ya chai. Katika siku zilizofuata watu wakaanza kuandika. Mwenye gazeti dogo wa Pathein alisema ameokoa kumbukumbu za miaka yake yote. Mwalimu mmoja wa Mandalay alimwita Ko Zeya "Saya", yaani mwalimu, na yeye aliona aibu akatuonyesha ujumbe ule mara kadhaa.

Ujumbe mwingine ulitoka Hpa-an, kwa kijana anayetunza tovuti ya kanisa la Wakaren. Aliandika kwa adabu kwamba programu imeivuruga tovuti yao, kwamba waumini waliligundua jambo siku ileile walipofungua kusoma, na kwamba wamekwisha kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu ya jana yake. Alidhani Ko Zeya angependa kujua. Ko Zeya alisoma, akaelewa papo hapo kosa liko wapi, na kwa siku kadhaa akashughulika kulirekebisha. Akatoa toleo jipya ambalo likikuta mtu kwenye viti vile husimama na kuuliza kabla ya kugusa chochote. Alifanya kazi ya mtu mwangalifu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuikumbuka tovuti ya mzee siku hizo. Alipofikiria kosa lile alifikiria Kikaren, kwa sababu ni Mkaren aliyeandika. Ya mzee alikuwa ameitazama kwa macho yake mwenyewe. Aliiweka kwenye fungu la zilizokwisha.

Mvua ziliendelea. Nai Tun Yin alirudishwa Kamawet, na Mi Chan Htaw akamfuata kumuuguza. Mzee alielewa aliloambiwa na alijibu kwa mkono wa kushoto. Mkewe Ko Zeya hakumfungua mama wakati wote huo. Baadaye alisema kwamba alikuwa akiiahirisha raha hiyo kusudi, kama mtu anayeficha kipande kitamu kwa ajili ya siku ngumu. Mvua zilipokaribia kwisha, mzee akafariki.

Siku ya saba ya kifo tulikwenda wote Kamawet. Watawa walikuwa wamekwisha kula na kuondoka. Waliobaki ni ndugu na majirani, wamekaa kwenye mikeka chini ya nyumba iliyoinuliwa, kati ya nguzo zake, wakinywa chai na kutafuna tambuu. Ilikuwa asubuhi nyeupe yenye joto. Shangazi mmoja wa Mi Chan Htaw alisema kwamba katika nyumba hii mtu haondoki bila kuagwa kwa maneno ya nyumba, na kwa kuwa Mi Thein Shin hayupo, binti yake na ayasome. Mi Chan Htaw alisimama. Alivaa blauzi nyeupe ya eingyi na sketi nyekundu ya Kimon, na usoni hakujipaka thanaka, ule unga wa gome la mti ambao wanawake wetu hujipaka kila siku. Akatoa simu, akaifungua tovuti, akaupata ukurasa na kuvuta pumzi.

Nilimwona akianza. Alitamka silabi ya kwanza na ya pili, akanyamaza. Akaisogeza simu karibu na macho. Akajaribu mstari wa chini yake.

Watu walidhani ni machozi, wakainamisha vichwa kumwachia nafasi. Shangazi akamwambia pole pole kwamba asiwe na haraka. Mi Chan Htaw alisema simu yake ina tatizo, akaazima ya binamu, akafungua upya, na ukurasa ukaja vilevile. Ko Zeya alikuwa ameshainuka. Alikwenda na uso wa mtu aliyezoea kuitwa simu inapokwama, mkono mmoja tayari umenyooshwa kuipokea. Mkewe hakumpa. Alimtazama, kisha akauliza kwa Kiburma, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umemfanya nini mama?"

Sitaeleza yaliyobaki ya asubuhi ile. Shangazi alisema alichokikumbuka, ambacho kilikuwa mwanzo na mwisho, na katikati akaweka sala ambayo kila mtu anaijua. Mzee aliagwa kwa maneno ya watu wote.

Ko Zeya alirudi mjini alasiri ileile na kuanza kutafuta. Kampuni inayotutunzia tovuti ilihifadhi nakala rudufu, lakini kila mpya iliifuta ya zamani kabisa, na mvua zote zile zilikuwa zimepita bila mtu kusoma. Nakala zote zilizobaki zilikuwa nakala za uharibifu. Ile ya majaribio tulikuwa tumeifuta kama tulivyozifuta nyingine. Kompyuta ya mzee haikuwa na kitu, kwa kuwa hakuwahi kuandika ndani yake. Aliandika kwenye ukurasa, kama alivyofundishwa na mkwewe. Binamu mmoja alikutwa amenakili wimbo mmoja wa kubembelezea, akauweka kwenye ukurasa wake wa mtandao mtoto wake alipozaliwa. Huo ukapona. Ma Yamone aliiandikia kampuni ya mtambo wa kutafutia mtandaoni, akitumai imebaki na nakala, akaandikia kila mtu aliyemjua na asiyemjua, akalia mbele ya kompyuta bila kujificha.

Jambo lililomtesa Ko Zeya kuliko yote lilikuwa hili: maandishi ya mzee yalikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Njia ya zamani haikuweza kuandika Kimon, maana viti vyake ilikuwa imevikalia. Kwa hiyo mzee, peke yake kijijini, aliandika kwa njia mpya miaka mingi kabla nchi haijaifikiria. Kila herufi ilikuwa kwenye kiti chake. Programu ikaja, ikawakuta wenyewe wamekaa kwao, ikawaondoa.

Aliandika programu nyingine ya kurudisha nyuma. Baadhi ya herufi zilirudi. Nyingine hazikuweza kurudi, kwa kuwa herufi mbili au tatu tofauti zilikuwa zimepelekwa kwenye kiti kimoja, na hakuna wa kusema nani alikuwa nani. Hapo palihitajika mtu anayejua neno. Akaenda Kamawet na kompyuta, akaketi na mkewe mchana kutwa. Kila penye shaka, programu ilitoa maneno yanayowezekana, naye Mi Chan Htaw achague. Hadithi zilikwenda vizuri kiasi. Walipofika kwenye nyimbo alianza kuchelewa. Walipofika kwenye maneno ya kuaga aliacha.

Ko Zeya alimwambia kwamba achague lililo karibu, baadaye watarekebisha.

"Karibu na nini?" akauliza.

Mi Chan Htaw akaendelea, na haya aliniambia mwenyewe baadaye, kwa hiyo nayaandika kama alivyoyasema: "Mama alipokuwa anasema, mimi nilikuwa napika, natoa chungu jikoni, nasikia nusu. Sikuyashika. Nilijua baba anaandika. Sasa unaniuliza mimi."

Ko Zeya akabonyeza kitu, akamwonyesha ukurasa mzima ambao programu ilikuwa imeujaza kwa makadirio yake. Ulisomeka. Alidhani angefurahi kidogo. Mkewe aliusoma mpaka mwisho, midomo ikitikisika, kisha akaifunika kompyuta kwa mikono miwili kama mtu anayefunika chakula.

"Ni Kimon kizuri," akasema. "Lakini yeye hakusema hivi. Usiniwekee mama wa kubahatisha, Ko Zeya."

Hakurudi mjini naye. Hapakuwa na ugomvi, na hakuna aliyetamka neno talaka. Alisema nyumba ya baba haiwezi kuachwa tupu, na ni kweli haiwezi. Ilipopita sikukuu ya taa, Ma Yamone alimuuliza bosi kama shemeji atakuja, naye akajibu kwamba kuna embe na mabalungi ya kutunza.

Programu iliendelea kusambaa. Watu wa kila pembe waliichukua, na wengi walishukuru. Siku moja Ko Zeya aliniambia niongeze kwenye maelezo sehemu kuhusu makosa ya toleo la kwanza. Nilimuuliza niiandike vipi. Nilikuwa nimezoea kuandika kwamba tatizo fulani katika mazingira fulani limerekebishwa.

"Andika kwamba ilikuwa haijui kama kuna wengine," akasema.

Niliandika hivyo. Nadhani wengi waliosoma walifikiri ni makosa ya uandishi wangu.

Msimu wa joto ulipofika, shule zikafungwa na monasteri za vijiji vya Wamon zikafungua madarasa ya lugha, kama kila mwaka. Watoto huja kwa mamia na vibao vyao. Ko Zeya alimwomba mtawa wa Kamawet amruhusu kuketi darasa la chini kabisa. Mtawa akamtazama, akatazama miwani, akauliza kama ni yeye au mwanawe. Alipojua ni yeye alimwambia akae nyuma, kwa kuwa kichwa chake kitawaziba wenzake. Watoto walimwita Babu Ka, kwa jina la herufi ya kwanza. Walimcheka alipotamka, wakamrekebisha wote kwa pamoja, naye akarudia. Ofisini alikuja mara chache, na alipokuja alinung'unika silabi akingoja kompyuta iwake.

Nilikwenda kumtembelea mwishoni mwa msimu ule. Nilimkuta uani kwa mkewe. Alikuwa ameketi kwenye benchi na kompyuta magotini, Mi Chan Htaw akiwa upande wa pili anamenya balungi, anatenga nyama na kutupa ngozi nyeupe. Nilikaribishwa, nikaketi, nikapewa kipande.

Alikuwa ameufungua ukurasa wa kuaga. Si ule wa makadirio. Ule wenyewe, kama programu ilivyouacha, kama alivyoutazama siku ile akiwa ofisini nasi tumesimama nyuma yake. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kwanza. Alisoma herufi, akaiunganisha na iliyofuata, akatamka. Akasogea, akatamka, akarudi mwanzo wa mstari. Alifanya hivyo mpaka chini. Jasho lilimtoka kwenye nyusi na hakulifuta. Alipofika mwisho, mkewe hakuinua macho kutoka kwenye tunda.

"Hakuna neno hata moja," Ko Zeya akasema.

"Hakuna," Mi Chan Htaw akaitikia.

"Mistari yote."

"Najua."

Akavua miwani. Sijawahi kumwona mtu akilia kwa utulivu namna ile, kama anayesikia habari ya msiba uliotokea zamani, ambao wenzake wote walikwisha kuulilia. Nilitamani kuondoka na sikujua namna ya kuinuka. Mkewe aliendelea kumenya. Ko Zeya akamuuliza, kwa Kimon cha darasa la chini, polepole, kama aufunge ukurasa ule, autoe. Nilielewa kwa sababu alionyesha kwa mkono.

Mi Chan Htaw alimjibu kwa Kiburma, nadhani kwa ajili yangu, au labda kwa sababu alitaka aelewe bila kubahatisha.

"Uache. Baba ndiye aliyeuandika."

Kisha akasogeza sahani ya balungi katikati ya benchi, mahali ambapo sisi wawili tungeweza kuifikia, akachukua kapu la maganda, akaenda nalo nyuma ya nyumba.